Ng'ombe Hazeeki Maini, Lakini Hesabu Dakika Zake

Leo naweka simu na programu kando kidogo, tuzungumze kandanda. Msihame lakini, kompyuta itaingia tu.

Dirisha la usajili likifunguliwa, huku Kwale mjadala huwa uleule, kuanzia Ukunda hadi Msambweni. Kuna kiungo mkongwe wa miaka 33 au 34. Aliwahi kucheza ligi kuu, mkataba umekwisha, hana timu, na anataka pesa kidogo tu. Timu ya mtaani imchukue? Wazee wa timu husema, "Mchukueni, huyo ni jina." Vijana hujibu, "Huyo mzee, atatuzibia nafasi."

Mimi naona pande zote mbili zinauliza swali silo. Moja inaangalia jina, nyingine inaangalia umri.

Sisi waandishi wa programu jambo hili tunalijua. Unataka kujenga kitu, unakuta mtandaoni msimbo wa bure ulioandikwa na mtu zamani. Huulizi una miaka mingapi. Unaangalia mara ya mwisho kurekebishwa ilikuwa lini. SQLite ilitoka mwaka 2000, na mpaka leo imo ndani ya simu za Android kwa sababu wenyewe hawajaacha kuitunza. Flash ilikuwa na jina kubwa zaidi, lakini Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa 2020, na waliokuwa wakiitegemea wakabaki mikono mitupu.

Sasa turudi uwanjani. Chukua wachezaji wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1985.

Wa kwanza ni Dennis Oliech, mshambuliaji wa Harambee Stars aliyecheza Nantes na Auxerre kule Ufaransa. Januari 2019 Gor Mahia ilimsajili akiwa huru, baada ya kukaa zaidi ya miaka miwili bila timu. Mashabiki wakafurahi, magazeti yakajaa. Mwaka haukuisha, mkataba ukavunjwa.

Wa pili ni golikipa Juma Kaseja. Mwaka 2019, akiwa na miaka 34, alirudishwa Taifa Stars baada ya miaka kadhaa nje. Akasimama golini Kasarani, na Tanzania ikatutoa kwa penalti 4-1 kwenye mchujo wa CHAN. Umri ni mmoja na mwaka ni mmoja, ila Kaseja alikuwa kazini, yuko na KMC katika ligi kuu ya kwao.

Utaniambia golikipa huzeeka polepole. Kweli kabisa, na ndiyo maana baada ya dakika lazima uulize kazi atakayopewa.

Hapo Wamarekani wana kisa kizuri cha besiboli. Kabla ya msimu wa 2002, Scott Hatteberg alikuwa mdakaji aliyeumia mishipa ya kiwiko, hawezi tena kurusha mpira vizuri. Oakland Athletics, timu isiyo na pesa nyingi, iliangalia hesabu moja: akienda kupiga, mara ngapi anafika salama kituo cha kwanza? Hesabu ilikuwa nzuri. Wakamchukua kwa dola 900,000, pesa ndogo kwa ligi ile, wakamfundisha kulinda kituo cha kwanza, ambako kurusha si kazi kubwa. Msimu huo walishinda mechi 20 mfululizo, na ya 20 iliamuliwa na pigo la Hatteberg. Walinunua kile kilichobaki kwake, si kile alichokuwa zamani.

Basi kocha, fungua Excel, au daftari tu linatosha, uandike:

1. Msimu uliopita alicheza dakika ngapi, na alikosa mechi ngapi kwa majeraha? Kama dakika ni sifuri, mshukuru umuage, hata akija bure.

2. Atafanya kazi gani moja? Kulinda ushindi nusu saa ya mwisho ni kazi. "Kutusaidia kwa uzoefu" si kazi.

3. Mkataba uwe wa nusu msimu, na alipwe kwa mechi anazocheza.

4. Nani atakaa benchi kwa ajili yake? Andika jina.

Hili la nne ndilo gharama yenyewe. Nauli na posho mweka hazina anaziona. Dakika za kijana wa miaka 19 haziandikwi popote. Mkongwe hutamuuza kwa mtu. Kijana akionekana, anaweza kuvuka Likoni akachezee Bandari, na timu ikapata chochote. Asipocheza misimu miwili, atarudi kwenye bodaboda na kipaji chake.

Kwa hiyo jibu langu: mkongwe akipita maswali yote manne, msajili leo, tena kwa heshima. Akianguka la kwanza, mwache. Ng'ombe hazeeki maini, lakini maini yaliyolala nje miaka miwili hata paka hali.

Naomba kutoa hoja.