Asiyekumbuka si mwongo

Mwezi Aprili 2023, polisi wa Kenya walipoingia katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ulimwengu ulishughulika na kuhesabu maiti. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na mwaka 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191. Watoto waliotoka hai hawakuzungumzwa sana, nao ndio tunaokusudia kuwazungumzia leo, ndugu msomaji.

Aliyekulia katika kundi la namna ile, akiulizwa miaka yake ilivyopita, huenda asiwe na jibu. Atakumbuka njaa, atakumbuka wimbo, kisha pengo. Tusistaajabu. Kumbukumbu ya utotoni hujengwa kwa kusimuliwa: mama humwambia mwanawe, "Siku ile ulipoanguka mwembeni," na shule humpa darasa la kwanza na la pili. Mackenzie alifundisha kwamba shule ni ya shetani. Kule Kanungu, Uganda, ambako mamia ya watu waliteketea kanisani tarehe 17 Machi 2000, wafuasi walizuiwa hata kuzungumza, wakawasiliana kwa ishara. Mtoto angesimuliwa na nani?

Zito kuliko kusahau ni shaka. Kwa miaka mingi aliambiwa kwamba akionacho kwa macho yake ni wasiwasi wa Ibilisi, na kiongozi pekee ndiye ajuaye. Akishatoka, hata alilolishuhudia haliamini. Nasi tunamzidishia: "Mbona jana ulisema vingine?" Mahakama ina haki ya kuhoji hivyo, baraza la nyumbani halina.

Wanavyuoni wa hadithi walikuwa waadilifu kuliko sisi. Ataa bin as-Saib wa Kufa alipochanganyikiwa kumbukumbu uzeeni, hawakumwita mwongo. Walitenganisha aliyoyasimulia kabla na aliyoyasimulia baada.

Hapa Bunju, ambapo wengi tumehamia na jirani hajui jirani katokea wapi, kijana kama huyo aweza kuwa nyumba ya tatu. Asibanwe ajaze pengo. Akibanwa atabuni ili aturidhishe, na kesho atajishuku zaidi. Shangazi au mjomba aliyebaki nje ya kundi na amwandikie anachokijua kwa hakika: mwaka aliozaliwa, nyumba waliyokaa kabla ya kuhama, siku mama yake alipokuja kuaga. Asipopajua, aache nafasi tupu kwenye karatasi.