Umeacha sigara, sasa nenda ukajionyeshe



Jumapili moja ya Kwaresima iliyopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa parokia yangu alinisubiri nje ya sakristia. Ni dereva mstaafu wa malori. Ameendesha kati ya Dar es Salaam na Kigali tangu enzi za barabara ya vumbi, na sigara ndiyo iliyokuwa ikimfukuzia usingizi: pakiti moja kwa siku, miaka 35. Aliacha miaka 9 iliyopita, siku ya Jumatano ya Majivu, na hajarudi nyuma hata mara moja. Alikuja kuomba Mpako wa Wagonjwa.

Nikamuuliza anaumwa nini.

"Baba Paroko, kifua. Asubuhi nakohoa sana, na hizi ngazi za kanisa siku hizi nazipanda kwa vituo. Naomba unipake mafuta tu. Hospitali siendi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Nikienda watakuta kitu. Na mimi sigara niliacha, nikaungama, yakaisha. Kwa nini nianze kufukua?"

Nilimpaka mafuta. Kisha nikaanza kumhubiria kwamba sakramenti haishindani na daktari, kwamba Yoshua bin Sira katika sura ya 38 anatuagiza tumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba, na tena kwamba dawa zimetoka katika ardhi ya Mungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia yake mkononi. Halafu akauliza kwa heshima kabisa: "Na wewe, Baba, umepima?"

Sikuwa na jibu. Mzee huyo ananifahamu tangu zamani, na miaka ile amewahi kuniwashia sigara kwa kiberiti chake. Nilivuta kwa miaka 21, karibu pakiti kila siku, nikaacha miaka 13 iliyopita. Tangu hapo nimewahubiria vijana juu ya kuacha, nimepongezwa, na kwa kweli nimejipongeza. Kupima sikuwahi.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa tumbaku, Urambo. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye tumbaku, kwa hiyo simsemi vibaya mkulima. Lakini yeyote aliyekulia huko anajua bani, kile kibanda cha kukaushia majani. Msimu ukiisha tumbaku hutolewa yote, ikafungwa marobota na kwenda sokoni. Ingia banini miezi kadhaa baadaye: hakuna jani hata moja, ila kuta bado zinanuka. Mwili wa mvutaji aliyeacha ni hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba baada ya miaka 10 bila sigara, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Ni habari njema sana, na anayevuta leo aishike. Lakini nusu si sifuri.

Sisi Wakatoliki jambo hili lisingetushangaza, maana ndivyo tunavyofundisha juu ya dhambi. Kitubio huondoa hatia, lakini Kanisa halijasema kamwe kwamba madhara yote huondoka siku hiyo hiyo. Mzee wangu alichanganya mambo mawili, na mimi padri mwenye miaka ya seminari kuu nilikuwa nimeyachanganya kabla yake.

Tazama wale wakoma kumi katika Injili ya Luka, sura ya 17. Tumezoea kuhubiri juu ya yule mmoja aliyerudi kushukuru. Tunapita haraka juu ya agizo la Bwana lenyewe: waende wakajionyeshe kwa makuhani. Hakuwaambia wakae nyumbani wakiamini. Aliwatuma wakachunguzwe, nao walitakasika wakiwa njiani. Na uchunguzi wenyewe umeelezwa katika Mambo ya Walawi, sura ya 13, sura ambayo wengi wetu huiruka kwa kuwa inachosha. Kuhani anaitazama alama kwenye ngozi. Ikiwa haieleweki, hamtangazi mtu kuwa najisi wala safi. Anamtenga siku saba, anamtazama tena. Bado haijaeleweka? Siku saba nyingine, anatazama mara ya tatu. Nitarudi kwenye siku hizo saba, maana sasa ninazijua kwa mwili wangu.

Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja hospitali ya rufaa. Daktari alianza kwa kutuuliza pakiti ngapi kwa siku, miaka mingapi. Hapo nataka kusema neno. Tulifundishwa katekesi kwamba katika kuungama dhambi kubwa hutajwa aina yake na idadi yake. Kwa daktari pia usiseme "nilivuta kidogo ujanani" ikiwa zilikuwa pakiti mbili. Haya yetu inatuua. Daktari huzidisha pakiti za siku kwa miaka: pakiti moja kwa miaka 20 ni 20, nusu pakiti kwa miaka 40 ni 20 vilevile. Huko Marekani, mwongozo wa mwaka 2021 unasema mwenye miaka 50 hadi 80 aliyefikisha hesabu hiyo ya 20, na bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15, apimwe mapafu kila mwaka kwa CT-Scan ya mionzi kidogo. Mwaka 2023 Chama cha Saratani cha nchi hiyo kilikwenda mbali zaidi, kikaondoa kabisa kile kikomo cha miaka 15 tangu kuacha. Sababu ni utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 53,000, uliotolewa mwaka 2011: waliopimwa kwa CT-Scan walikufa kwa saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 20 kuliko waliopigwa eksirei ya kifua ya kawaida. Kwa hiyo ndugu yangu anayejivunia kwamba eksirei yake ilikuwa safi asikomee hapo, amuulize daktari.

Huo ni mwongozo wa wenye mashine nyingi, najua. Kwetu CT-Scan iko hospitali kubwa, na gharama yake si ya kupitisha kofia mara moja. Ila kuna mengi yasiyohitaji mashine hiyo. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, peleka makohozi yapimwe kifua kikuu. Vituo vya umma havitozi, na mvutaji hupatwa na ugonjwa huo kwa urahisi zaidi. Usikiite "kikohozi cha sigara" ukalala nacho. Kuna kifaa cha kupuliza kinachoonyesha kama njia za hewa zimebana. Presha, sukari. Damu kwenye mkojo, hata mara moja na hata bila maumivu, usinyamaze. Mwanaume wa miaka 65 hadi 75 aliyewahi kuvuta aulize pia kuhusu altrasaundi ya tumbo, kuangalia mshipa mkubwa wa damu.

Majibu yetu yalitoka hivi. Mzee aliyekuja kuomba mpako hana kifua kikuu wala uvimbe. Njia zake za hewa zimebana, akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na ngazi za kanisa sasa anazipanda kwa kituo kimoja tu. Mimi mhubiri, nisiyekohoa, picha ilionyesha doa la milimita 6 kwenye pafu la kulia.

Daktari hakusema ni saratani. Alinieleza kwamba katika utafiti ule ule, zaidi ya 9 kati ya kila 10 walioonekana na kitu kwenye picha hawakuwa na saratani. Inaweza kuwa kovu la ugonjwa wa zamani. Kulikata sasa ni kujiumiza bila sababu; kulisahau ni hatari. Rudi baada ya miezi 6 tulitazame tena, tuone kama limekua. Ndiyo siku saba za Walawi.

Nakiri kwamba usiku wa kwanza sikusali vizuri. Nilimaliza Zaburi zote za Masifu ya Jioni bila kujua nimesoma nini. Nikaelewa kwa nini watu hupima mara ya kwanza kwa ushujaa, wakaambiwa warudi, wasirudi. Kusubiri bila jibu ni kugumu kuliko jibu baya.

Na hapa nina ugomvi na jumuiya zetu ndogondogo, nikianza na za parokia yangu. Mtu akifa, ndani ya siku mbili tunakusanya fedha za jeneza, turubai, chakula na basi la kumsindikiza. Mwenzetu akiandikiwa kipimo cha kurudia, tunamwambia tutamkumbuka katika sala, na nauli anatafuta mwenyewe. Nimewaomba viongozi wa jumuiya waulize kila mkutano swali moja: nani ana tarehe ya kurudi hospitali mwezi huu, na nani anamsindikiza? Jumuiya mbili zimeanza. Nyingine zinasema mfuko ni wa misiba.

Tarehe yangu ya kurudi ni Jumanne ijayo. Mzee amesema atakuja nami, anakwenda kuchukua dawa yake. Ameniambia niwe stendi saa kumi na moja alfajiri, na nisichelewe kama ninavyochelewa Misa ya kwanza.