Msimuulize Binti Alikuwa Wapi

Kila kikongwe anapouawa kwa mapanga katika vijiji vya Usukuma, swali la kwanza jukwaani huwa lilelile: watoto wake walikuwa wapi? Swali hili humwangukia binti kuliko kaka zake, hasa yule aliyehamia Mwanza mjini baada ya kukosana na mama, akakaa miaka bila kufika kwao. Mimi nalipinga swali lenyewe.

Uhasama wa mama na binti huku kwetu mara nyingi una chanzo kilichoandikwa. Tamko la Sheria za Mila la 1963 humweka binti daraja la tatu na la mwisho la urithi. Ardhi ya ukoo ataitumia maishani mwake, kuiuza haruhusiwi. Mjane hupewa fungu la ajabu zaidi: urithi wake ni kutunzwa na watoto wake, kwa kuwa naye aliwatunza. Basi mama hujishikiza kwa mwana wa kiume mwenye shamba, ng'ombe wa mahari ya binti wakamwolea kaka mke, na binti akaondoka na kinyongo chake. Nitaambiwa hiyo ni mila. Mila gani hupigwa chapa kwenye Gazeti la Serikali? Wajane wawili wa Shinyanga waliifikisha Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba sheria hiyo inabagua, kisha ikakataa kuibatilisha.

Ndipo hatari huja usiku mmoja. Mtoto wa jirani amefariki kwa homa, mpiga ramli ametaja nyumba, na macho mekundu ya mama, yaliyoungua kwa moshi wa kuni na samadi kavu maisha yake yote, yamegeuzwa ushahidi. Binti anapigiwa simu. Afanye nini? Akimchukua mama, kijiji kitasema mchawi amekimbia. Mama mwenyewe hataki kuondoka, kwani kuliacha shamba ni kukiri na kulipoteza kwa pamoja, na wanaomwinda, ambao pengine ni wa ukoo uleule, hawataki zaidi ya hilo. Wapo mabinti wanaokwenda hata hivyo, usiku huohuo, kwa bodaboda, wakalala chumba kimoja na mama ambaye hawajasemezana naye kwa miaka. Huo ndio ulinzi wa raia tulio nao.

Na dola? Sheria ya Uchawi tuliyoirithi kwa Mwingereza, ya mwaka 1928, humpa mkuu wa wilaya mamlaka ya kumwamuru mtuhumiwa wa uchawi akaishi mahali pengine. Anayehamishwa ni yule anayetishiwa! Waliomtisha hubaki na mashamba yao, na lake juu. Wapiga ramli walitangaziwa marufuku mwaka 2015, mauaji ya watu wenye ualbino yalipotutia aibu duniani. Vikongwe hawakuwahi kututia aibu kiasi hicho.

Ninyi watumishi wa umma wa Magu, Kwimba na Misungwi mnaonisoma, siwaombi semina nyingine ya kuwahimiza watoto wawapende wazazi. Orodhesheni wajane wanaoishi peke yao katika kila kitongoji, na namba ya simu ya binti iandikwe kando ya jina la mama. Binti huyo akipiga simu kituoni saa tano usiku, asiulizwe kwa nini hajafika nyumbani tangu mwaka juzi. Gari litoke.