Kipimo cha bata kikae mikononi mwetu

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mamama wa nyumba: leo tunaandika juu ya mabata ya miti. Mutasema syndicat imekosa kazi. Musome kwanza.

Nyuma ya biro yetu, hapa Likasi, kuko hangari ya mabati. Ndani yake wanakaa wazee 11 waliotoka mine na magoti mabaya ao kifua kibaya, pamoja na vijana 4 wanaojifunza. Wanachonga ndege. Zaidi wanachonga yule bata wa pori mwenye uso mweupe, anayepiga mluzi jioni, ambaye kila mtu aliyekwenda kutafuta samaki kwenye ziwa Tshangalele anamjua. Ziwa lile nalo ni mtoto wa mine: maji ya Lufira yalizuiliwa pale Mwadingusha ili viwanda vya shaba vipate umeme. Ndege walikuja kisha.

Sasa maneno yenyewe. Mnunuzi mmoja anayeuzia wageni kule Lubumbashi aliagiza mabata 20. Alipofika akachagua 8, akalipa bei nzima. Yale 12 akayasukuma pembeni: "Haya hayana sura. Ao nusu ya bei, ao mubaki nayo."

Wazee wakakasirika, wakatuita. Na sisi tukapanda moto mara moja, juu hadithi ile tunaijua. Kila creuseur anaijua. Mfuko umeubeba mwenyewe mgongoni, uzito wake umeusikia kwenye mifupa, lakini ukifika kwa négociant unakuwa mwepesi. Unauliza teneur, unaambiwa namba, na kile kifaa kinageuziwa upande wake, si upande wako. Anayeshika kipimo ndiye anayeshika bei. Basi tulikuwa tayari kumfuata yule mnunuzi mpaka kwake.

Lakini kati ya wazee kuko papa mmoja aliyekuwa ajusteur miaka mingi. Akasema: "Bakamarade, mbele ya kupigana, tupime." Akaleta kompa yake ya chuma na ile kartoni tuliyochora siku ya kwanza, wakati mvuvi mmoja alipotuletea bata wa kweli. Kwenye kartoni kuko picha mbili: bata akitazamwa kwa upande, na bata akitazamwa toka juu. Papa akafungua kompa toka ncha ya mdomo mpaka kisogo. Ule urefu wa kichwa akautembeza juu ya shingo, kisha juu ya mgongo mpaka mkiani, akahesabu ni mara ngapi unaingia. Akafanya vile kwa mabata yote 12, pole pole, sisi tumesimama kama watu wa kilio.

Mabata 5 yalikuwa sawa na kartoni. Hapo mnunuzi alituibia. Lakini 7 yalikuwa mabaya kweli, na ni lazima tuseme hivyo hata kama ni ya watu wetu.

Kosa kubwa lilikuwa hili: kichwa cha bata wa pori juu ya mwili wa bata wa nyumbani. Yule wa kwenye ziwa ana shingo ndefu, anasimama wima. Yule wa kwenye lupango ni mzito, tumbo karibu na chini. Ukichanganya hawa wawili, mtu hatajua kosa liko wapi, lakini jicho lake litakataa. Kosa la pili, macho. Kijana alikuwa ameyaweka mbele sana na chini sana. Bata mmoja alitutazama kabisa kama mtu wa taksi anayeingia sokoni. Macho ya bata yako juu, pembeni ya kichwa. Tena kichwa chenyewe ni chembamba juu na kinene kwenye mashavu, na kijana alikuwa amekifanya mviringo kama chungwa.

Tukauliza: ilikuwaje? Wote wanajua kazi. Jibu likatoka taratibu. Mnunuzi analipa kwa hesabu ya vichwa, na alitaka 20 kwa juma mbili. Kuchora mstari wa katikati juu ya mti kunakula saa. Kuurudisha kila mara kisu kinapoufuta kunakula saa nyingine. Basi wakaacha kartoni ukutani, wakachonga kwa jicho. Jicho likichoka linapunguza kichwa, na mti ukishakatwa haurudishwi. Upande mmoja ukipita, unapunguza na wa pili ili vilingane, mara bata amekuwa kifaranga.

Kuko wanaosema wazee wetu Waluba walichonga bila kompa, na viti vyao viko kwenye musée za Ulaya. Ni kweli. Lakini kichwa kikubwa kwenye sanamu zao si kosa la mkono uliochoka. Walikitaka hivyo, na fundi alikirudia vile vile toka sanamu moja mpaka nyingine. Kipimo kilikuwa ndani ya mkono. Vijana wetu mkono wao haujafika pale.

Tena ukubwa si neno. Kule Marekani wawindaji wanaweka mabata ya miti juu ya maji ili kuwavuta wale wazima, na wengine wanayachonga makubwa kuliko bata mwenyewe ili yaonekane toka mbali. Bata wanakuja tu, juu kichwa, shingo na mwili vimekua pamoja. Mwaka 2007 bata mmoja wa Elmer Crowell, mchongaji wa Massachusetts, aliuzwa zaidi ya dola milioni 1. Crowell alikuwa amekufa tangu 1952. Hiyo nayo tunaijua.

Basi tunaomba hivi, na tunajua wazee wengine hawatafurahi. Kompa iwe mali ya hangari, si ya mtu mmoja. Kijana alipwe hata siku ya kuchora, itoke katika sanduku letu, ili asikimbilie kisu. Na mnunuzi akitaka kukataa bata, amkatae juu ya meza, kompa mkononi, atuonyeshe ni wapi. Akishindwa kuonyesha, analipa bei nzima.

Yale 7 hatutamuuzia hata kwa nusu. Vijana wameyapeleka kwa watoto wa nyumba zao. Yale 5 yako kwenye rafu. Mnunuzi amesema atapita siku ya posho. Meza tumekwisha kuiweka.