Manowari Ndogo ya Kuongozwa kwa Redio: Mizani Kwanza, Mizinga Baadaye

Aliyewahi kukaa katika nyumba za askari ajua jinsi jioni inavyokuwa ndefu kwa mtu aliyemaliza zamu, na jinsi watoto wanavyomzunguka yeyote aliyeshika msumeno na ubao. Juma hili ukurasa wa nyumbani unaacha masufuria na vitambaa, unageukia kazi ya kumfaa mtu wa namna hiyo: kuunda kwa mikono, tangu kipande cha kwanza cha mbao, manowari ndogo iendayo majini kweli na kuongozwa kutoka ukingoni kwa mawimbi ya redio. Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu chombo kidogo chenye betri na usukani, akakiongoza katika tangi la maji pasipo waya wala kamba.

Kosa la mjenzi wa mara ya kwanza huwa moja. Huanza na mizinga. Huichonga vizuri, huipaka rangi ya kijivu, huipanga juu ya sitaha pamoja na milingoti, mabomba ya moshi na mashua za kuokolea, na kila jirani apitaye husifu. Siku ya kuishusha majini manowari hukaa vema kwa dakika mbili. Kisha huongozwa kukata kona, hulala ubavu, nayo hairudi tena. Kazi ya miezi sita huzama mbele ya watoto. Tangu mwanzo, basi, yampasa mjenzi kujua kwamba bwana wa chombo chochote kielealo ni uzito: ni kiasi gani, na umewekwa wapi.

Kwa mfano wa kazi hii hakuna haja ya kwenda mbali. Katika historia ya pwani ya Afrika Mashariki imo manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye urefu wa mita 115.3, upana wa mita 13.2, mabomba matatu ya moshi na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Tarehe 20 Septemba, 1914, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Unguja, kisha ikaingia kujificha katika mikono ya mto Rufiji. Königsberg yenyewe ilihitaji maji ya kina cha mita 5 na zaidi kidogo, ikaweza kupenya. Manowari kubwa za Kiingereza zilizoifuatia hazikuweza kuifikia humo, zikabaki nje zikilinda midomo ya mto kwa miezi mingi. Ndipo zikaletwa Severn na Mersey, manowari bapa za aina iitwayo monita, zilizohitaji maji ya mita 1.7 tu. Ziliingia mtoni tarehe 6 Julai, 1915, zikarudi bila kuimaliza kazi, na Mersey ikiwa imepigwa. Ziliporudi tarehe 11 Julai, huku ndege ikiangalia makombora yalikoangukia, habari ya Königsberg ikaisha. Wajerumani waliitoa mizinga yake yote 10 wakapigana nayo nchi kavu. Mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria.

Vita vyote vile, kwa hiyo, viliamuliwa na kipimo kimoja: chombo kinazama kiasi gani majini. Kipimo hicho hicho humngojea mjenzi nyumbani kwake.

Tuseme ameamua kuiunda Königsberg kwa kipimo cha moja kwa mia. Urefu utakuwa sentimita 115.3, upana 13.2, na kina cha kuzama kama 5.3. Hesabu ya uzito ndiyo inayowapotosha wengi. Urefu umegawanywa kwa 100, upana kwa 100, na kina kwa 100. Basi uzito hugawanywa kwa 100 mara tatu, yaani kwa 1,000,000. Meli ya tani 3,390 yawa chombo cha kilo 3.39. Chombo kielealo husukuma maji yenye uzito ulio sawa na wake, kwa hiyo kilo hizo 3.39 ni amri. Zikizidi, mstari wa maji utapanda juu ya rangi. Zikipungua, manowari itakaa juu mno kama bata.

Wapo wanaodhani kwamba chombo kidogo zaidi ni rahisi zaidi. Kinyume chake ndicho kweli. Meli hiyo hiyo kwa kipimo cha moja kwa mia mbili ina urefu wa sentimita 57 na nusu hivi, wenye kupendeza na wenye kuenea mezani, lakini uzito wake wote hauna budi kuwa kama gramu 424. Betri peke yake yaweza kuumaliza. Na anayetamani monita Severn, kwa kipimo cha moja kwa mia, atapata kilo 1.26 tu na kina cha sentimita 1.7, upana wa kidole gumba. Heri aiache mpaka chombo cha pili.

Kabla ya kukata ubao wowote, mjenzi aazime mizani ya jikoni, kwa idhini ya mwenye jiko, aandike daftari. Bodi la mbao pamoja na utomvu wa kuzuia maji, gramu 900. Betri ya risasi iliyofungwa, ya volti 6, gramu 750. Mota, vyuma vya kuzungusha na rafadha mbili, maana Königsberg ilikuwa na rafadha mbili, gramu 300. Kipokezi cha redio, kirekebisha mwendo na mota ndogo ya kugeuza usukani, 150. Sitaha na vyote vilivyo juu yake, 450. Rangi, 100. Jumla ni gramu 2,650. Zimebaki 740, nazo ndizo farumi, uzito unaowekwa chini kabisa kukituliza chombo. Tarakimu hizi ni za mfano, kila mtu atapata zake. Lakini asiyekuwa na daftari hana manowari.

Bodi huundwa kama mafundi wa pwani wanavyounda jahazi, ila kwa udogo. Mkuku huwekwa kwanza, kisha mataruma yaliyokatwa katika plaiwudi ya milimita 3 kwa kufuata mchoro, tangu omo hadi tezi, halafu vijiti vyembamba hugundishwa juu yake kimoja kimoja, upande huu na upande huu kwa zamu, ili mkuku usivutwe ukapinda. Nyufa huzibwa, bodi husuguliwa kwa msasa, utomvu hupakwa ndani na nje. Hapa hakuna njia ya mkato. Mahali pa hatari zaidi ni tundu ambamo chuma cha rafadha hupita. Chuma hicho huwekwa ndani ya kibomba kilichojazwa grisi, na mdomo wa ndani wa kibomba uwe juu ya mstari wa maji ikiwezekana.

Vya juu viwe vyepesi kama karatasi, na vingi viwe karatasi kweli: kadi ngumu iliyopakwa vanishi yatosha kwa vyumba na mabomba ya moshi. Kwa mizinga, spoki ya baiskeli ina unene wa milimita 2, nayo ikikatwa kwa sentimita 4 na kidogo yafanana sana na mzinga wa Königsberg kwa kipimo hicho. Farumi yawe vipande vya risasi vya wavuvi. Risasi haiyeyushwi katika sufuria ya chakula, wala mtoto hapewi kuichezea, kwa kuwa ni sumu. Na askari asithubutu kutafuta risasi yake ghalani kwa kuwa jina ni moja.

Kisha huja beseni la kuogea. Chombo huelezwa na vitu vyake vyote, farumi husogezwa mbele au nyuma mpaka kikae sawa, ndipo hugundishwa. Mjenzi akikandamize ubavu kwa kidole, akiachie. Kikiinuka upesi, ni salama. Kikiinuka kwa uvivu, juu ni kuzito, na dawa ni kupunguza vya juu. Kuongeza tu farumi kutakizamisha kupita mstari. Hili lisipuuzwe, kwa sababu upepo na mawimbi havipunguzwi kwa mia. Wimbi la sentimita 10, ambalo mtu hulitazama bila kulijali, kwa manowari hii ni bahari ya mita 10.

Kuhusu mwendo, Königsberg ilifikia noti 24. Kanuni ya wajenzi wa meli yasema kwamba kwa kipimo cha moja kwa mia mwendo hugawanywa kwa 10, si kwa 100. Kwa hiyo kilomita 4.4 kwa saa, mwendo wa mtu atembeaye, utafanya mawimbi ya omoni yaonekane kama ya meli kubwa. Wanaofunga mota za nguvu hupata kitu kinachoruka kama chura.

Mitambo ya redio inayouzwa siku hizi aghalabu hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Mawimbi hayo hayapenyi maji vizuri, basi waya wa kipokezi uwe juu ya mstari wa maji. Mtambo wa mkononi ndio huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho. Ijaribiwe nchi kavu kama mota husimama mtambo huo ukizimwa ghafula. Mwenye mtambo aulize kwanza sheria ya nchi yake kuhusu masafa. Polisi aliyekamatwa kwa redio isiyo na ruhusa ni kichekesho kibaya.

Maji ya kuanzia yawe bwawa dogo, asubuhi, kabla ya upepo. Magugu maji ya ziwani yakijisokota katika rafadha, chombo husimama hapo hapo, na kishawishi cha kuvua viatu na kukifuata huwa kikubwa, hasa watoto wakipiga kelele. Asiingie mtu. Katika maji yetu mengi yaliyotulia mna konokono wa kichocho, na pengine mamba. Iwepo kamba ndefu ya kuvulia yenye kipande cha mbao mwishoni, itupwe ng'ambo ya chombo na kuvutwa polepole.

Jioni betri hutolewa, maji yaliyopenya hunyonywa kwa kitambaa na kupimwa katika kijiko, na kifuniko cha sitaha huachwa wazi usiku kucha. Vijiko viwili kwa nusu saa si neno. Vikiwa kumi, mjenzi arudie kile kibomba cha rafadha.