Mtihani wa Masikio Hauandaliwi kwa Macho

Katika madarasa mengi ya Kifaransa ya ukanda wetu wa mpakani, kuanzia Mulanda na Tororo mjini hadi Busia ya Uganda na Busia ya Kenya, mwanafunzi huandaliwa kwa mtihani wa kusikiliza bila kusikilizishwa chochote. Hupewa karatasi za miaka iliyopita akaambiwa ayasome maswali. Hupewa maandishi ya mazungumzo yaliyorekodiwa akaambiwa ayasome na kujibu. Mwalimu akiwa na bidii zaidi, husimama mbele ya ubao akayasoma mwenyewe, polepole, neno baada ya neno, akirudia kila mkono unaponyooshwa. Siku ya mtihani sauti inatoka kwenye spika, haimsubiri mtu, wala hainyooshewi mkono. Mtahiniwa anabaki ameduwaa mbele ya lugha aliyoisoma kwa miaka. Matokeo yakitoka, tunasema Kifaransa ni kigumu.

Makala haya yanapinga kauli hiyo. Kilicho kigumu ni kupimwa kwa chombo ambacho hukuwahi kukitumia darasani. Hakuna anayemfundisha mtoto kuogelea kwa kumchorea mto ubaoni. Hata hivyo tunamfundisha kijana kusikiliza kwa kumwandikia, na akizama tunamlaumu yeye.

Tuanze na lugha yenyewe. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelelewa na lugha yenye huruma kwa msikilizaji. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo sikio hupata ishara kwamba neno linakaribia kuisha. Kifaransa hakitoi ishara hiyo. Mkazo wake huja mwishoni mwa kundi zima la maneno, na maneno yaliyo ndani ya kundi hilo hushikana kama mahindi kwenye gunzi. “Les amis” ni maneno mawili kwenye karatasi, lakini sikio hupokea kitu kimoja: lezami. “Il parle” ni mtu mmoja anayesema na “ils parlent” ni wengi; herufi ni tofauti, matamshi ni yale yale. “Vin”, “vent” na “vont” hutofautishwa na irabu inayopitia puani, na asiyezizoea husikia neno moja mara tatu. Tarakimu ndizo kaburi la wengi. Anayetajiwa bei ya 97 husikia nne, ishirini, kumi na saba vikipita mfululizo, na kabla hajamaliza kuzidisha na kujumlisha, msemaji ameshafika kwenye saa ya treni.

Karatasi huyaficha haya yote. Ukisoma “les amis” unaona nafasi katikati ya maneno mawili, nafasi ambayo mdomoni haipo. Kwa hiyo mwanafunzi anayejiandaa kwa kusoma maandishi hafanyi hata nusu ya zoezi, kwa sababu maandishi tayari yamemfanyia kazi aliyopaswa kuifanya yeye, yaani kuyatenganisha maneno. Mwalimu anayesoma neno baada ya neno naye, kwa nia njema kabisa, humnyima mwanafunzi kitu kile kile kitakachopimwa.

Wapo watakaosema kwamba kusikiliza ni sehemu moja tu ya mtihani, na alama zake zinaweza kufidiwa kwingine. Hesabu inawakanusha. Chukua mtihani wa DELF, cheti kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Ufaransa na ambacho vijana wetu hukifuata Kampala au Nairobi. Una sehemu nne, kila moja alama 25: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kufaulu ni kupata 50 kati ya 100, lakini anayepata chini ya 5 katika sehemu yoyote ameanguka. Mwanafunzi hodari anaweza kupata 20 katika kusoma, 20 katika kuandika na 20 katika kuzungumza, kisha akapata 4 katika kusikiliza. Jumla yake ni 64, na bado anarudi nyumbani bila cheti. Kinachomwangusha ni stadi ambayo shule haikumpa hata saa moja kwa wiki.

Hoja ya pili ninayoisikia ni mbaya zaidi, kwa kuwa huvaa joho la ushauri. Husemwa kwamba kusikiliza ni kipaji, kwamba watoto wa mjini wana “sikio la lugha” na watoto wa vijijini hawana. Vijana wengi wameliacha somo la Kifaransa kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Basi twende Mulanda tukalitazame sikio linalodharauliwa.

Mulanda iko Budama Magharibi, katika wilaya ya Tororo. Mtoto wa huko huamka katika Kidhopadhola, lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hutenganisha maana. Akienda upande wa kaskazini wa wilaya atakutana na Kiteso, ambamo irabu za mwisho wa maneno mara nyingi hutamkwa kwa mnong'ono, zikasikika kwa shida. Akishuka Busia atasikia Kisamia na Kiswahili cha mpakani kilichochanganywa na Kiingereza na Kiganda. Shuleni anafundishwa kwa Kiingereza. Akipata jamaa ng'ambo ya Kenya, atagundua kwamba Kidholuo cha huko kinafanana na lugha yake, ila masikio lazima yajirekebishe kidogo. Mtoto huyu hufanya mtihani wa kusikiliza kila siku ya soko, katikati ya kelele za boda boda na muziki wa duka la simu, na akikosea anapunjwa chenji. Sikio linalozitofautisha toni za Kidhopadhola litashindwaje na “vent” na “vont”? Sikio linalonasa irabu ya mnong'ono ya Kiteso litashindwaje na lugha inayomeza herufi za mwisho?

Litashindwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba halijawahi kusikilizishwa. Shule huliambia lisubiri neno moja moja, ilhali sokoni halikuwahi kusubiri. Sokoni mtoto hukamata alichokielewa, hukisia kilichobaki, hutazama uso wa muuzaji, na huendelea. Darasani hufunzwa kwamba asipolijua neno la tatu basi la nne asijisumbue nalo. Hapo ndipo tunapokiua kipaji tunachodai hakipo.

Hoja ya tatu ni ya vifaa. Hatuna maabara ya lugha, husemwa, na umeme hukatika. Ni kweli, na anayefundisha Kifaransa kijijini bila vifaa anastahili heshima yetu kabla ya lawama. Lakini tuwe wakweli pia kuhusu vilivyopo. Simu zimejaa kila mahali. Spika ndogo ya kinyozi inayovuma mtaa mzima inatosha darasa la watu arobaini. Radio France Internationale, ambayo ina pia idhaa ya Kiswahili tangu 2010, hutoa taarifa ya habari ya takriban dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza. Mtu mmoja mwenye bando akiipakua, memori kadi itaifikisha kwa wengine wote. Shule inayoweza kukodi vyombo vya muziki kwa siku ya michezo haiwezi kusema imeshindwa kupata sauti ya dakika kumi.

Na wale wanaouliza Kifaransa kina kazi gani Mulanda, nawaomba wasimame kando ya barabara ya Malaba. Malori yanayopita hapo kutoka Mombasa hayaishii Kampala. Mengine yanakwenda Kigali, Bujumbura na mashariki mwa Kongo. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Kifaransa sasa ni lugha ya majirani walio ndani ya nyumba yetu. Dereva wa Kongo akizungumza Kiswahili, humo humo utasikia “donc” na “parce que” vikipita. Akitaja tarakimu kwa Kifaransa atasema “septante” kwa 70 na “nonante” kwa 90, kama wasemavyo Wabelgiji, wakati sauti ya mtihani itasema “soixante-dix” na “quatre-vingt-dix”. Mwanafunzi wa mpakani anapaswa kuyajua yote mawili: moja kwa ajili ya cheti, jingine kwa ajili ya biashara. Karatasi ya mtihani uliopita haitamfundisha la pili kamwe.

Maandalizi ya haki basi yafananeje? Hayahitaji miujiza. Yaanze mapema, dakika kumi kila siku, badala ya saa tano za wiki ya mwisho. Mwanafunzi asome maswali kwanza ili ajue anatafuta nini: bei, saa, mahali, au maoni ya msemaji. Katika ngazi za mwanzo za DELF, sauti huchezwa mara mbili. Mara ya kwanza kalamu ilale mezani, sikio litafute nani anaongea na nani, wapi, na kwa nini. Mara ya pili ndipo kalamu ifanye kazi. Neno lililopita liachwe lipite. Maandishi yaletwe mwishoni kabisa, baada ya majibu, ili mwanafunzi aone ni wapi sikio liliunganisha na ni wapi lilikata pasipostahili. Tarakimu zifanyiwe mazoezi kama wimbo, mmoja akizitamka na mwenzake akiziandika, mpaka 97 iache kuwa hesabu na iwe sauti. Na mazoezi mengine yafanyike palipo na kelele, kwa sababu chumba cha mtihani chenye dirisha linalotazama barabara hakina ukimya wa maabara.

Sasa nigeukie kwetu, maana ni rahisi kuwanyooshea kidole walimu wa Kifaransa. Katika mtihani wa KCSE wa Kenya, Kifaransa hupimwa kwa kusikiliza na kwa kuzungumza. Kiswahili katika mtihani huo huo kina karatasi tatu: insha, lugha na fasihi. Zote huandikwa. Mtahiniwa anaweza kupata alama ya A katika Kiswahili bila mtahini kusikia sauti yake na bila yeye kusikia sauti ya mtu. Lugha ya kigeni tunaipima kama kitu kilicho hai. Lugha yetu tunaipima kama maandishi ya kaburini. Vitabu vya mbinu za kufundisha Kiswahili hutaja stadi nne, na kusikiliza huwa ya kwanza katika orodha. Katika mtihani ndiyo ya kwanza kuachwa.

Uganda tuna nafasi ya kutolirithi kosa hilo. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya hapa nchini na kupendekeza kifundishwe na kutahiniwa kwa lazima. Ikiwa kitatahiniwa, kitahiniwe na masikioni. Mtoto wa Mulanda asikilizishwe taarifa ya habari kutoka Dodoma, mazungumzo ya wavuvi wa Pemba, tangazo la stendi ya Mombasa, na Kiswahili cha Bukavu. Kila kimoja kitamdai kitu tofauti. Atakayeweza kuvifuata vyote vinne hatakitetemekea Kifaransa, kwa sababu atakuwa amejifunza jambo ambalo lugha zote hulidai kwa msikilizaji: kuendelea kusikiliza hata pale asipoelewa kila neno.

Wahenga walisema sikio halilali na njaa. La kwetu darasani limelazwa na njaa miaka mingi, huku likizungukwa na chakula. Walimu wetu, mnapoandaa mtihani ujao wa majaribio, iwe wa Kifaransa au wa Kiswahili, wekeni ndani yake dakika kumi za sauti, hata kama ni za simu yenu wenyewe. Wenzangu wanafunzi, tusingoje. Watu wanne, simu moja, taarifa moja ya habari, kila jioni hadi siku ya mtihani. Tukishindwa baada ya hapo, ndipo tutakuwa na haki ya kusema Kifaransa ni kigumu.