Mtoto akiumizwa na ganzi ya jino, lini ni uzembe?

Mtoto wa miaka sita kang'olewa jino la chini saa nne asubuhi. Karudi nyumbani mchangamfu, anacheka kwamba mdomo wake umekuwa mkubwa. Kufika saa nane mchana mdomo wa chini umevimba, ndani una jeraha, na shati lina matone ya damu. Bibi anasema sindano ilikuwa chafu. Jirani anasema watu wa namna hiyo ni wa kupelekwa mahakamani.

Mara nyingi katika hali kama hii sindano haina kosa. Ganzi ya taya la chini hushika pia mdomo na ulimi, na inaweza kukaa humo saa mbili, tatu au zaidi. Mtoto hasikii maumivu, basi anautafuna mdomo wake kama jojo. Siku inayofuata panatokea kidonda cheupe ambacho wazazi wengi hudhani ni usaha. Kwa kawaida hupona chenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Mtoto akipata homa, uvimbe ukizidi, au akishindwa kumeza au kufungua mdomo, hapo arudishwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Swali la kumuuliza mzazi ni moja: aliambiwa? Daktari wa meno anayemchoma mtoto ganzi anatakiwa kumweleza mzazi kwamba mtoto asile chakula cha kutafuna hadi ganzi iishe, na achungwe asijiume. Kama alielezwa na mtoto akaachwa acheze peke yake, hakuna wa kumlaumu. Kama hakuelezwa chochote, lipo kosa. Ila jeraha linalopona ndani ya siku kumi halitamlipa wakili hata nauli. Malalamiko kwa uongozi wa kituo yanatosha, na yanamsaidia mtoto atakayefuata.

Kwa Tanzania, anayedai fidia ya uzembe wa matibabu anapaswa kuthibitisha mambo matatu: kwamba mtaalamu alikuwa na wajibu kwa mgonjwa, kwamba alifanya chini ya kiwango ambacho mtaalamu mwenzake mwenye uwezo wa kawaida angekifikia, na kwamba kosa hilo hasa ndilo lililoleta madhara. Sharti la tatu ndilo linaloangusha wengi. Matokeo mabaya peke yake hayathibitishi uzembe.

Chukua ganzi ya ulimi isiyoisha. Sindano ya taya la chini inaweza kugusa mshipa wa fahamu wa ulimi au wa mdomo, mtoto akashtuka kama kapigwa na umeme, kisha upande mmoja ukabaki na ganzi kwa siku nyingi. Linaweza kumpata hata daktari makini, na wengi hurudi katika hali ya kawaida ndani ya wiki au miezi michache. Madai yanaanza kupata nguvu pale mtoto aliposhtuka na daktari akaendelea kusukuma dawa palepale, au mzazi aliporudi mara mbili tatu kulalamika akaambiwa "itaisha tu", bila kupimwa, bila kuandikwa, bila rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya.

Jambo zito zaidi ni kipimo cha dawa, na hili wazazi hawaliulizi. Dawa inayotumika sana ni lignokaini. Kwa mtoto, mwongozo unaofuatwa na wengi ni isizidi miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni miligramu 66. Kichupa kimoja cha mililita 1.8 chenye dawa ya asilimia 2 kina miligramu 36, kwa hiyo mtoto huyo hafikishi hata vichupa viwili. Sasa fikiria mtoto huyo anang'olewa meno manne siku moja, juu na chini, kushoto na kulia, na kila upande unachomwa sindano yake. Dawa ikizidi, mtoto anaweza kuanza kuhangaika au kutetemeka, kisha kusinzia, kupata degedege na hata kuacha kupumua. Akiwa amepewa pia dawa ya kumtuliza, hatari inaongezeka.

Ndiyo maana mzani una nafasi yake katika chumba cha meno. Mtoto ambaye hakupimwa uzito, ambaye faili lake halionyeshi alipewa dawa gani na kiasi gani, ambaye mzazi hakuulizwa kuhusu mzio, moyo au pumu, na ambaye alipozidiwa hapakuwa na oksijeni wala mtu wa kumhudumia, huyo ana madai ya kweli. Kuzimia kwa hofu ya sindano ni jambo jingine, nako hutokea, hasa kwa wakubwa.

Baada ya mtoto kutibiwa, mzazi apige picha za jeraha kila siku, aandike saa na maneno aliyoambiwa wakati bado anayakumbuka, atunze risiti, na aombe kwa maandishi nakala ya kumbukumbu za matibabu. Kisha mtoto aonwe na daktari mwingine wa meno. Bila mtaalamu wa kueleza kosa lilikuwa wapi, kesi ya aina hii haisimami.

Mwenendo wa daktari unalalamikiwa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, linalosimamia pia madaktari wa meno na linaloweza kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista. Fidia ya fedha hutafutwa mahakamani, mzazi akifungua kesi kwa niaba ya mtoto. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Muda nao una mipaka. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Kwa mtoto hesabu huanza anapotimiza miaka 18, lakini kusubiri ni kamari, kwa sababu mafaili hupotea na wauguzi huhama. Kama matibabu yalifanyika hospitali ya serikali, kabla ya kesi lazima itolewe notisi ya siku 90, na nakala yake iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.